Injini Yenye Kiu

Jumapili ile ilianza vizuri kuliko Jumapili zote za mwaka, na hilo ndilo jambo ambalo Anselmo Tejada hajalisamehe mpaka leo. Aliamka mapema, akavuta yerba yake, chai chungu ya majani, kwenye kibuyu, akalifuta gari kwa kitambaa laini kuanzia boneti hadi nyuma, kisha akagonga dirisha la mkwewe kwa kifundo cha kidole.

"Yamila! Mvishe bwana mkubwa. Leo anakwenda kuonyeshwa watu."

Bwana mkubwa alikuwa Ciro, mjukuu wake, miezi minne, mashavu tele. Baba yake mtoto, Fabricio, hakuwepo. Alifariki mwaka uliotangulia akiwa na miaka ishirini na tisa; moyo ulisimama ghafla akiwa ameinama juu ya gari hilohilo, spana mkononi. Hata hakujua kwamba Yamila ana mimba. Aliwaachia vitu viwili tu, mtoto ambaye hakumwona, na injini.

Na tuseme ukweli, Anselmo aliipenda injini ile kupita kiasi. Gari lenyewe lilikuwa kupe nyekundu ya milango miwili, ya mwaka sitini na tisa, iliyoundwa nchini mwao, kulekule kiwandani Córdoba, kwa watu wanaopenda mwendo. Lakini Fabricio ndiye aliyeifungua injini yake ya silinda sita na kuijenga upya kwa majira matatu ya baridi, akichonga, akipima, akirudia. Namba iliyogongwa ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, 508427, ilikuwa ndiyo hiyohiyo ya kwenye kadi ya gari, na kijana alikuwa akiionyesha kwa kila mgeni kama mtu anayeonyesha cheti cha ndoa. Tena injini ilikuwa na sauti yake. Ikiachwa ingurume yenyewe ilisita kidogo, kisha ikaendelea, vilevile Fabricio alivyokuwa akisita kabla ya kucheka. Kila Jumapili Anselmo aliiwasha, akaketi uani kwenye kiti cha plastiki, akasikiliza. Majirani wa pale ni watu wa mdomo, lakini hilo hakuna aliyethubutu kulitania.

Walikwenda kwenye mkutano wa magari ya zamani, upande wa pili wa jangwa. Nyama ikachomwa, maboneti yakafunguliwa, uongo ukasemwa. Baudilio Pelaytay, fundi wa kuchonga injini na rafiki wa Anselmo tangu darasa la kwanza, alimbeba Ciro juu juu na kumtangaza kuwa dereva mpya wa timu. Dereva akamlowesha shati zima.

"Lahaula! Huyu anavuja kuliko gari lako, Anselmo!"

"Gari langu halivuji. Kajifute."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baadaye Anselmo alikuja kuikumbuka ile nepi iliyolowa kama mtu anavyokumbuka nyumba iliyoungua.

Wakati wa kuondoka waliteleza. Waliondoka saa nane mchana, saa ya kulala, na kule mkoani San Juan hakuna mwenye akili zake anayeshika njia saa hiyo. Milango hufungwa, mbwa hawabweki, na watoto huambiwa kwamba barabara sasa ni ya wengine. Tena siku hiyo ulikuwa unavuma Zonda, ule upepo wa moto unaoshuka milimani na kuwaumiza watu vichwa. Katikati ya jangwa mshale wa joto ukapanda. Mvuke ukatoka chini ya boneti. Anselmo akaegesha.

Hitilafu ilikuwa ndogo, ya aibu kwa fundi. Bomba la chini la rejeta lililegea kwenye kibano, maji yote yakamwagika njiani. Alikaza kibano kwa bisibisi. Kilichobaki ni maji, na maji ya kunywa walikuwa wameyamaliza. Simu haikushika. Hapakuwa na gari lililopita wala mti wa kivuli.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kijumba cha Difunta.

Kila mtu wa kule anamjua Difunta, yaani Marehemu. Ni yule mama wa zamani aliyemfuata mumewe jangwani akafa kwa kiu, na waliomkuta walikuta maiti imekauka, na mtoto mchanga kifuani yu hai, bado ananyonya. Ndiyo maana wenye haja na wenye shukrani humpelekea maji. Chupa moja, nadhiri moja. Pale palikuwa na mamia ya chupa zimepangwa kuzunguka kijumba, zimejaa mpaka shingoni, kila moja ina maandishi yake. Madereva wakipita hupiga honi mara moja kumsalimia. Kuchukua chupa hakuna anayechukua. Hata mwizi hachukui.

"Baba, si hayo," Yamila alinong'ona, mtoto kifuani.

"Nitarudisha kumi kwa kila moja."

"Yameandikwa majina."

"Mwanangu, mama aliyekufa kwa kiu atamnyima mtoto maji?"

"Mtoto ana maziwa yangu. Hayo unayapeleka kwenye gari."

Anselmo akavuka barabara kwa haraka. Alinyakua chupa ya kwanza. Ilifungwa uzi wa sufu wa rangi ya waridi, na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu nzito: *Asante, Difunta. Maziwa yangu yamerudi. Mwanangu ananyonya.* Aliyasoma maneno hayo huku akimimina. Aliyasoma yote.

Rejeta ile na injini yake huchukua lita kumi. Alimimina chupa tano za lita mbili mbili, na maji hayakuonekana. Akamimina ya sita. Ya saba. Chini ya gari vumbi lilikuwa kavu. Ya tisa. Maji yalishuka yakilia gulu, gulu, kisha ikatoka sauti nyingine, ndogo, laini, yenye mdundo. Yamila aliifahamu kabla yake. Alikuwa akiisikia kifuani mwake mara nane kwa siku.

"Baba," alisema. "Inanyonya."

Ilikunywa chupa kumi na moja. Ndipo ikajaa.

Walifika nyumbani salama, na salama ina ubaya wake, humsahaulisha mtu. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini ahadi ya barabarani hufia barabarani. Wiki ya kwanza Anselmo alisema ataenda kesho. Wiki ya pili hakusema kitu.

Wiki ya tatu maziwa ya Yamila yalianza kupungua. Mwanzoni alifikiri ni uchovu. Alikunywa uji, akanywa supu, majirani wakaleta kila dawa ya mizizi wanayoijua. Titi la kushoto likakauka, halafu la kulia. Ciro akapewa maziwa ya kopo, naye aliyakubali, tena kwa pupa, chupa baada ya chupa, akilia kati ya funda na funda.

Na nepi yake ilikuwa kavu.

Yamila alimbadilisha asubuhi kwa mazoea tu, kwa maana hapakuwa na cha kubadilisha. Maziwa yaliingia, hayakutoka, wala hayakumnenepesha. Midomo ya mtoto ikapasuka. Utosi ukabonyea. Akilia, machozi hayatoki. Daktari alimtundikia dripu mara mbili, akapima damu, akapima mkojo mdogo alioupata kwa shida, akasema hana jina la kuupa ugonjwa ule. Alimwangalia Yamila kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyomtisha kuliko ugonjwa.

Kwa upande wa pili wa ukuta, gerejini, kupe ilikuwa inakunywa. Kila asubuhi Anselmo alifungua kifuniko cha rejeta akakuta pakavu. Akajaza. Kesho pakavu. Chini hapakuwa na tone, bombani hapakuwa na moshi mweupe. Siku alipochomoa stiki ya kupimia oili, ilitoka nyeupe.

Akamwita Baudilio.

"Mbona unanitolea macho?" Baudilio alisema. "Hujawahi kuona oili ikigeuka maziwa? Gasketi ya hedi imekufa, maji yamechanganyika na oili. Hata mwanafunzi analijua hilo."

"Nimeipima. Haivuji."

"Basi bloku imepasuka, na ikipasuka, ndugu yangu, ndiyo kwaheri." Akajifuta mikono. Sauti ikapoa. "Nisikilize. Nina injini nyingine ya aina hii, imetoka kwenye gari lililopinduka, nzima kabisa. Tuitoe hii, tuweke ile. Wiki moja unaendesha."

"Hii ni ya Fabricio."

"Najua ni ya nani. Ukiamua kuijenga upya, tutaijenga, lakini utachonga chuma kilichochoka mpaka kiwe karatasi. Mtu huuliza mara moja tu, hii inatengenezeka au haitengenezeki? Akishajibiwa, halii."

"Fungua kwanza," alisema Anselmo.

Walifungua. Hedi ilikuwa imenyooka. Gasketi ilikuwa nzima, ngumu, haina hata alama ya maji. Walimulika silinda moja moja, wakapaka dawa ya kutafuta ufa, wakangoja. Hapakuwa na ufa. Baudilio akafungua nati ya kumwagia oili na kuweka beseni chini.

Kilichotoka hakikuwa kile kitope cheupe kizito ambacho kila fundi anakijua. Kilikuwa chepesi. Kilikuwa cha uvuguvugu, na injini haikuwashwa siku tatu. Hakikunuka oili hata kidogo. Paka wa jirani akaja, akanusa, akaanza kulamba.

Mafundi wawili wenye mvi walisimama wakimtazama paka.

Yamila alikuwa mlangoni. Hawakumsikia akija. Alisogea polepole, akapiga magoti kando ya beseni, akachovya kidole, akakiweka ulimini.

"Haya ni yangu," alisema.

Kesho yake Anselmo alipakia chupa mia moja na kumi kwenye pikapu ya Baudilio, kumi kwa kila moja kama alivyoahidi, akaenda jangwani. Nyuma ya kilima, mahali pasipoonekana kutoka barabarani, aliishi mama mmoja mfuga mbuzi, doña Fermina, ambaye ndiye aliyekuwa akifagia pale na kusimamisha chupa zinazoangushwa na upepo. Alimwacha Anselmo apange zote mia na kumi juani. Alipomaliza ndipo akasema, kwa sauti ya chini, kama watu wanavyosema mbele ya aliyelala.

"Mengi hayo. Nani kakuomba?"

"Nilichukua yake, mama. Nimekuja kurudisha."

"Yale uliyochukua yako wapi?"

"Yaliingia kwenye injini."

Mbuzi mmoja akalia, akaacha.

"Basi mletee injini."

"Mama, injini hiyo ni ya marehemu mwanangu. Aliijenga kwa mikono yake. Ndiyo sauti yake iliyobaki."

"Na Difunta alikuwa na mtoto kifuani, baba. Kila mmoja ana wake." Aliokota uzi wa rangi ya waridi uliokuwa umekwama kwenye kijiti, akaukunja kiganjani. "Tena uwe na akili. Hapa kila kitu kina maandishi. Yeye hachukui kwa kuangalia sura. Kilichoandikwa ndicho anachochukua."

Njia nzima ya kurudi Anselmo alilia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia. Aliwaza kumpa. Aliwaza kukataa. Aliwaza kwamba mtoto atapona mwenyewe, kwamba daktari atapata jina, kwamba wanawake wanaoishi na mbuzi huwa hawako sawa. Mfa maji haachi kutapatapa, na Anselmo alishika jani la ufundi wake.

Nyuma ya gereji palikuwa na bloku moja ya zamani ya aina ileile, chuma chakavu kilichokuwa kikiegeshea mlango. Aliisugua mpaka ikang'aa. Aliisawazisha kwa tupa mahali pa namba mpaka namba ya zamani ikafutika. Kisha akatoa sanduku la mihuri ya chuma, ile inayogongwa kwa nyundo, muhuri mmoja tarakimu moja. Wapo mafundi wanaoifanya kazi hiyo ili kuuza gari la uongo kama la kweli. Anselmo alikuwa akiwadharau maisha yake yote. Akagonga tano. Sifuri. Nane.

Muhuri wa nne ulikuwa umemeguka. Fabricio aliuharibu akiwa na miaka sita, alipoutwanga kwenye nguzo ya lango akijifanya fundi. Tangu hapo kila nne iliyotoka gereji ile ilitoka haina mkia, tarakimu imekatika chini kama kijiti. Anselmo aliangalia, akasita. Akagonga hivyohivyo. Mbili. Saba.

508427.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini huwezi kumwambia hivyo mtu ambaye yuko njiani. Aliipeleka bloku saa ya kulala, doña Fermina akiwa ndani, akaiburura mpaka katikati ya chupa. "Hii hapa," alinong'ona. "Chukua, umwachie mtoto." Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Jioni hiyo nepi ya Ciro ililowa.

Yamila alipiga ukelele, akaja uani akiipunga kama bendera. Anselmo alicheka, akalia, akamkumbatia. Mtoto alinyonya chupa moja tu akalala. Asubuhi yake Anselmo alimpigia Baudilio simu kumwambia kwamba ameamua, injini ya Fabricio haitoki, wataijenga upya. Aliitoa garini kwa winchi ya mnyororo, akaifunga kwenye stendi, akavua pistoni moja baada ya nyingine na kuzipanga mezani juu ya gazeti safi. Alikuwa anapiga mluzi.

Siku ya tatu nepi ilikuwa kavu.

Siku ya nne Ciro aliacha kulia. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alilala macho wazi, ulimi umekauka, mdomo unafunguka na kufumba. Daktari alisema wampeleke hospitali ya mkoa kesho asubuhi, akasema neno kesho huku akitazama sakafu.

Mchana huo Zonda ulirudi. Anselmo aliingia gerejini akafunga mlango. Bloku ya Fabricio ilikuwa kwenye stendi, tupu, haina pistoni, haina oili, haina bomba hata moja. Ungeweza kupitisha mkono ndani yake. Alisimama mbele yake bila kujua alichofuata.

Akasikia funda.

Akatulia.

Funda la pili. Dogo. Laini. Kisha mdundo ule, ule wa jangwani. Ulitoka kwenye silinda ya nne. Anselmo akainama. Chuma kilikuwa kikavu mpaka chini. Akaweka kiganja juu ya tundu. Kitu kikakivuta kiganja, polepole, kikaachia. Kikavuta tena. Kwa ufizi. Hakina meno.

Alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

Yamila alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mikononi. Kila injini iliponyonya, mdomo wa Ciro ulifunguka. Ilipoachia, ulifumba.

"Ulimpelekea nini, baba?" aliuliza kwa mnong'ono.

Anselmo hakuweza kusema uongo wa pili. Akamwambia yote, bloku ya mlangoni, tupa, mihuri. Yamila hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Na mimi nampenda Fabricio," alisema. "Mimi pia huwa nakaa dirishani Jumapili nikisikiliza. Ulifikiri uko peke yako? Lakini Fabricio amekufa, baba. Huyu bado."

Anselmo alishika simu akampigia Baudilio, naye Baudilio, Mungu ambariki, hakuuliza swali. Alikuja kasi, viatu bila soksi. Walipakia bloku, hedi, krenki, kabureta zote tatu, kila pistoni, kila nati, hata lile gazeti. Anselmo alikagua sakafu kwa tochi asije akabakiza boliti. Juu ya mfuniko wa valvu Fabricio alikuwa amekwaruza kwa msumari herufi F na T. Anselmo alizibusu, akatoka.

Kijumbani alianza kuitafuta ile bloku ya uongo ili aiondoe. Haikuwepo. Palikuwa na alama yake ya mraba vumbini, na kuizunguka chupa zote mia moja na kumi alizoleta zilikuwa zimesimama vilevile, zimefungwa vizuri, tupu. Hapakuwa na mfuo wa kuburura wala alama ya tairi.

Doña Fermina alikuja akijifuta mikono kwenye aproni. Alitazama pikapu.

"Hii ya pili ni ya nini? Ile ameshaichukua."

"Ile ilikuwa ya uongo, mama. Chuma cha kuegeshea mlango."

"Ilikuwa na maandishi?"

"Ilikuwa na namba."

"Aliyeandika nani?"

"Mimi."

Mama yule alifumba macho. Baudilio aliyekuwa anashusha pistoni akasimama.

"Shusheni," alisema doña Fermina hatimaye. "Hii ni haki yake, ataipokea. Ile nyingine siijui. Ile ni neno lako wewe na yeye."

"Mjukuu wangu atapona?"

"Nenda nyumbani, baba. Nenda haraka."

Waliipanga injini yote mbele ya kijumba, kila kipande mahali pake. Baudilio alipiga honi mara moja. Walipokata kona ya mtaa walisikia kilio cha mtoto, kikali, cha hasira, kilio chenye afya, na Anselmo aliruka kabla gari halijasimama. Yamila alikuwa sakafuni jikoni, blauzi imelowa kifuani upande huu na upande ule, anacheka na kulia. Ciro alikuwa ananyonya huku akilia. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka sikioni. Anselmo aliyagusa kwa kidole, akakilamba kidole hicho. Yalikuwa na chumvi.

Baada ya wiki mbili Baudilio alileta injini iliyotoka kwenye gari lililopinduka, wakaifunga. Ni injini nzuri. Inawaka mara moja, inanguruma sawasawa, haisiti. Anselmo aliisikiliza Jumapili moja dakika mbili, akaizima, akarudisha kiti cha plastiki ndani. Alimlilia mwanawe upya, lakini ule ulikuwa msiba wa kawaida, ambao watu huubeba. Usiku alilala. Mtoto alinenepa mpaka mikono ikafanya pete. Ile njia ya jangwani Anselmo hakuipita tena, hata alipolazimika kuzunguka nusu siku.

Ulikuwa mwezi wa tisa, saa ya kulala, Yamila akimwogesha Ciro kwenye beseni uani. Alimwita Anselmo kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Baba, hebu njoo uangalie. Hii jana haikuwepo."

Aliushika mguu wa kushoto wa mtoto, akaugeuza. Kwenye kisigino palikuwa na vialama vidogo, sita, vimepangwa mstari mmoja. Havikuwa vyekundu. Havikuvimba. Ngozi ilikuwa imeingia ndani tu, kama nta iliyobonyezwa. Ciro alikuwa anacheka, anapiga maji kwa mkono.

"Alama ya kuzaliwa, au siyo?" alisema Yamila. "Nyingine huchelewa kutoka. Au ni wadudu?"

Anselmo alikwenda ndani kuchukua miwani. Alikaa huko muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu kutafuta miwani, akikumbuka maneno ya doña Fermina: kilichoandikwa ndicho anachochukua. Aliporudi alipiga magoti penye maji, akamshika mjukuu wake kisigino, akasoma tarakimu moja moja kwa kidole gumba, bila sauti. Moyoni alikuwa anaomba kitu kimoja tu, iwe ile namba ya kweli, ile ya kiwandani iliyokuwa kwenye injini ya Fabricio, ambayo alikwisha kuitoa na ikapokewa.

Tano. Sifuri. Nane.

Nne ilikuwa haina mkia.